Kumi na Nane Juu ya Ishirini

Mwalimu Mwanafatuma, mzaliwa wa Vanga, alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko chai ya saa nne: "mimi" wa hadithi si mwandishi. Muhula mzima aliwapigia nayo kelele Kidato cha Tatu, katika shule moja ya kilimani huko nyuma ya Kombani. Aliyethubutu kusema kwamba mwandishi lazima alikuwa mlevi kwa kuwa mhusika wake ni mlevi, alisimamishwa hadi kengele. Alikuwa mwalimu mzuri, tusimnyime haki yake. Ndiyo maana inauma.

Aliwaagiza waandike hadithi fupi zao wenyewe. Jumwa, msichana mpole wa dawati la nyuma, aliandika juu ya msichana anayepanda kilima kwenda shuleni. Zamani alikipanda bila kusimama. Siku hizi hupumzika mara tatu, moyo ukimwenda mbio mpaka macho yanaingia giza, na nyumbani hasemi, maana akisema mama atamkataza shule. Ilikuwa "mimi" mwanzo hadi mwisho.

Mwanafatuma alimpa kumi na nne. Chini akaandika kwa wino mwekundu: Hatari ikue. Mbona apumzike mara tatu tu?

Jumwa akairudia hadithi yake, na safari hii msichana alipumzika mara saba. Alama zikapanda hadi kumi na nane, hadithi ikasomwa mbele ya darasa. Randu, ambaye kwa kawaida hakuwa na jambo la maana, aliuliza kama Jumwa anaumwa kweli. Mwalimu akamkata kauli, akawaambia wote kwamba hilo ndilo kosa la msomaji mchanga. Jumwa aliinamisha kichwa. Mwalimu hakumwuliza.

Wiki iliyofuata alianguka kilimani, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Daktari alisema ni moyo, ugonjwa wa siku nyingi, na kwamba angeletwa mapema angetibiwa.

Matanga yalipokwisha, mama yake alikuja shuleni na daftari amelifunga ndani ya leso. Mwanafatuma akamwamkia, akampa kiti. Mama alisema hajui kusoma, naye anataka kuyasikia maneno ya mwanawe. Mwalimu akamsomea. Kila mara msichana aliposimama, mama alipataja mahali: hapo ni kwenye kalvati, hapo ni kwa Thoya.

"Na haya mekundu, mwalimu? Yanasemaje?"

Angeweza kumdanganya, na hakuna ambaye angejua. Aliyasoma yote, neno kwa neno.

Mama aliugusa ule wino kwa kidole. Kisha akasema, "Kumbe wewe ulikuwa wajua."

"Nilisoma, mama. Sikujua."

"Na hiyo namba?"

"Kumi na nane juu ya ishirini."

"Ni nyingi?"

"Hakuna aliyepata zaidi yake."

Mama alifuta uso kwa pembe ya leso, akamsogezea daftari.

"Basi nisomee tena pale anapopumzika."

Mwanafatuma akaanza upya kutoka chini ya kilima, akasoma mara zote saba.