Taarifa kwa Umma Kuhusu Paa la Dada Yangu

Usiku wa jana niliota niko kazini, na hilo peke yake lingetosha kunikasirisha, maana hakuna anayelala ili akaendelee na kazi.

Kazi yangu naieleza kwa ufupi. Kikosi cha Maafa na Uokoaji cha wilaya yetu kina ukurasa kwenye mtandao wa kijamii, na mimi ndiye ninayeuandikia. Moto ukiwaka, naandika. Mto Mbiwe ukijaa, naandika. Siku ya kuzaliwa ya Mkuu wa Kikosi ikifika, naandika kwa herufi kubwa zaidi.

Ndotoni nilikuta Ukurasa mwenyewe amekalia kiti changu. Alikuwa mwanamume mnene, sare yake imepigwa pasi ikasimama, na kifuani amebandikwa tiki ya buluu, ile ya kurasa zilizothibitishwa. Sikushangaa. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Ukurasa."

"Marahaba, Kobelo. Umechelewa. Wafuasi wananisubiri."

Nikachungulia dirishani. Wafuasi wetu walikuwa wamepanga mstari kuanzia mlangoni mpaka sokoni, kila mmoja simu mkononi, kimya, mvua inawanyeshea. Siku zote nilidhani ni namba tu. Ndotoni ndipo nilipogundua kwamba wanafuata kweli. Ukurasa akikohoa, na wao wanakohoa.

Mara Uvumi akaja mbio kutoka upande wa juu wa mto. Ni mwanamke mwembamba, kanga imelowa, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

"Jamani, kingo za Mbiwe zimekatika kule juu! Nimeona kwa macho yangu! Tokeni Bondeni, pandeni shuleni!"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Uvumi alikuwa anasema kweli, na nadhani na yeye aliona haya kidogo. Watu wa Bondeni hawakungoja. Wakaanza kupanda mlima na magodoro, na watoto, na masufuria. Katikati yao nikamwona Sikudhani.

Sikudhani ni dada yangu mdogo. Ameolewa Bondeni, kwenye nyumba ya mabati mekundu iliyo karibu kabisa na mto, na anaishi na mama mkwe wake, Bi Mwajabu, ambaye miguu ilishamkatalia. Siku hiyo alikuwa amembeba mgongoni, na kuku amembana kwapani. Moyo wangu ukatulia nilipomwona anapanda.

Ukurasa hakutulia. Alisimama, tiki ikaanza kutetemeka kifuani.

"Huyo mwanamke ana barua?"

"Nani, Uvumi? Hana."

"Ana muhuri?"

"Hana. Hata kandambili amevaa moja tu."

"Basi toa taarifa."

Kwenye droo yetu zipo taarifa zilizogongwa muhuri tangu zamani, zinangoja tukio. Ya kuwaambia wananchi wapuuze uvumi ndiyo iliyo juu kabisa, kwa sababu ndiyo inayotoka mara nyingi. Muhuri alikuwa amekaa kando ya droo, kizee kifupi chenye kichwa cha mpira, anapiga miayo.

"Hiyo nilishaigonga," akasema Muhuri. "Kwa hiyo ni kweli."

Nikaipiga picha, nikaipandisha. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Watu walisimama katikati ya mlima, wakasoma, wakatazamana. Halafu wakageuka. Uvumi alibaki peke yake kule juu, akavaa ile kandambili ya pili, akaenda zake.

Sikudhani alipita chini ya dirisha langu akiteremka.

"Kaka, asante! Tulikuwa tunahangaika bure. Nimeacha na maharage jikoni."

"Kwani nani kasema turudi?" akauliza Bi Mwajabu kutoka mgongoni.

"Kaka kaandika, mama. Ukurasa ni wake."

Nami nikampungia mkono. Niliona fahari, lazima niseme. Ni mara chache mtu wa mitandao anaona watu wanamtii mbele ya macho yake.

Halafu ofisi haikuwa ofisi tena. Ilikuwa jukwaa katikati ya uwanja wa mpira wa Bondeni, lenye viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe na meza yenye chupa za maji ya kunywa. Chini ya jukwaa Mbiwe anaingia. Ana rangi ya chai ya maziwa, na amebeba mlango wa mtu.

"Hodi," anasema.

"Karibu," namjibu, maana mazoea yana taabu.

"Samahani, naulizia nyumba ya mabati mekundu."

"Mimi si msemaji. Hilo muulize Mkuu wa Kikosi."

"Basi usisumbuke. Nitaitafuta mwenyewe."

Akapita. Hapo ndipo nilipokumbuka mabati mekundu ni ya nani. Nikamgeukia Ukurasa nikamwambia tutoe taarifa ya kweli sasa hivi, watu wapande mlima na boti iende kwenye mabati mekundu. Boti ilikuwepo. Ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa jukwaa, imepambwa kwa maputo, na waokoaji wamekaa ndani yake na makoti yao, kila mmoja anaangalia simu.

"Nendeni mabati mekundu!" nikawapigia kelele. "Kuna mama mgonjwa na dada yangu!"

"Umeandika?" akauliza mmoja wao.

"Nakwambia kwa mdomo!"

"Mdomo si rasmi, ndugu yangu. Tukisoma tu ukurasani, tunaondoka."

Hakusema kwa ubaya. Alinionea huruma kabisa, akarudi kwenye simu yake.

Sasa, taarifa ya kweli si kama ile ya kwenye droo. Taarifa ya kweli haitoki bila barua yenye nembo. Barua haitoki bila muhuri. Muhuri hagongi bila sahihi ya Mkuu. Na Mkuu wetu hasaini kitu mpaka kwanza apigwe picha akinyoosha kidole kuelekea kwenye tatizo.

Mkuu mwenyewe, Afande Mlenge, amesimama ndani ya maji na buti mpya. Mpiga picha anachuchumaa, anainuka, anachuchumaa tena.

"Kobelo, ninyooshe kidole wapi?"

"Kwenye maji, Afande."

"Maji yako kila mahali. Mkuu hawezi kunyoosha kidole kila mahali, ataonekana hana mwelekeo."

"Basi kwenye mabati mekundu, Afande. Pale. Yanaonekana bado."

Anatazama. "Pale pana jua baya." Kisha anamwambia Mbiwe, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa, "Hebu sogea nyuma kidogo, tupate picha."

Mbiwe akasogea. Ni mto wenye adabu. Lakini picha ikatoka Afande amefumba macho, ikabidi irudiwe, na kila Mbiwe aliporudi mahali pake alikuwa amepanda zaidi.

Simu iliyo mezani ikaanza kusema kwa sauti ya Sikudhani. Alikuwa anaandika kwenye maoni, chini ya salamu zetu za siku ya kuzaliwa ya Mkuu, kwa sababu ndilo andiko tulilolibandika juu ya yote lisishuke.

"Kaka, maji yameingia sebuleni."

Nikafungua mdomo nimwambie apande juu, apande haraka. Kilichotoka ni hiki: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Maoni yako ni muhimu kwetu."

"Kaka, tumepanda mezani. Mama anatetemeka."

"Asante kwa kuwasiliana nasi. Maoni yako ni muhimu kwetu."



"Kaka, huyo ni wewe au ni mashine?"

Nilitaka kusema ni mimi. Nilitaka kulisema hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, na maneno yakapita katikati ya vidole: asante kwa kuwasiliana nasi.

Nikampigia Ukurasa magoti. Nilimwomba mstari mmoja tu, bila nembo, bila picha: boti iende kwenye mabati mekundu.

"Haraka haraka haina baraka," akasema Ukurasa, anajipangusa tiki. "Tena mstari mmoja unaonekana kama wa mtu binafsi."

"Ni wa mtu binafsi! Ni wa dada yangu!"

"Ndiyo maana."

Wakati huo paa lenyewe likaja. Liling'oka taratibu, likaelea mpaka kwenye jukwaa letu, likasimama mbele yangu. Sikudhani amekaa juu ya bati. Bi Mwajabu amelala, kichwa mapajani pake. Kuku yuko kwenye kona ya paa, analitazama jukwaa kama mgeni aliyekosa kiti. Dada yangu ananyoosha mkono. Ningeweza kuushika bila hata kuinama sana.

Nanyoosha wangu.

"Thibitisha kwanza," anasema Ukurasa.

Mkono wangu unasimama hewani, na si mimi niliyeusimamisha.

"Huyu ni dada yangu," nasema. "Tumenyonya ziwa moja."

"Sijauliza ziwa. Nauliza chanzo. Nani ametoa habari kwamba mtu huyu amekwama?"

"Si yeye mwenyewe? Huyo hapo, juu ya paa!"

"Mwathirika hawezi kuwa chanzo. Ana upande."

Muhuri akatikisa kichwa chake cha mpira kukubaliana. "Muulize," akasema. "Ni swali dogo tu."

Na mimi, jamani, nikamuuliza. Sauti ilikuwa yangu, ile ya asubuhi kabla sijanywa chai.

"Sikudhani, chanzo chako ni nani?"

 Hakulia. Aliurudisha mkono wake polepole, akamfunika Bi Mwajabu vizuri na kanga.

"Mama," akasema, "kaka anauliza habari tumeipata kwa nani."

"Mwambie tumeambiwa na maji," akajibu Bi Mwajabu bila kufumbua macho.

Nyuma yangu mpiga picha akashangilia. Picha imekubali. Afande amenyoosha kidole, macho wazi, mwanga mzuri, na kidole hakielekei kwenye paa, kinaelekea upande ule wenye mawingu ya kupendeza. Akasaini. Muhuri akapiga kichwa chake kwenye karatasi kwa furaha, mara moja, na taarifa ikapanda.

Ilikuwa taarifa nzuri. Ilianza kwa kuwasalimu viongozi wote kwa vyeo vyao. Ilikuwa na picha za Afande pande zote. Mwishoni iliandikwa kwamba Mkuu wa Kikosi amefika eneo la tukio na kujionea mwenyewe, kwamba hakuna taarifa rasmi ya mtu yeyote aliyekwama, na kwamba hali ni shwari.

Na hali ikawa shwari.

Maji yakatulia yakanyooka, kama meza iliyokwisha kufutwa. Hakuna paa. Hakuna kuku. Hakuna bati hata moja jekundu mahali popote mpaka upeo wa macho. Waokoaji walisoma taarifa, wakapumua, wakafungua boti wakaenda nyumbani na maputo yao. Mioyo midogo myekundu ikaanza kuanguka kutoka mawinguni, ikawa inatugandia usoni, na wafuasi wakasema kwa sauti moja, "Hongereni kwa kazi nzuri, Mungu awabariki."

"Dada yangu yuko wapi?" nikauliza.

"Umesoma taarifa?" akasema Ukurasa.

"Nimeiandika mimi!"

"Basi unajua. Asiyekuwepo na lake halipo."

Nikaruka kutoka jukwaani nimtafute. Maji hayakunipokea. Nilisimama juu yake kama juu ya sakafu, nikawa napiga ngumi, napiga, nikiita jina lake, na chini ya sakafu ile hapakuwa na kitu. Nililia kwa sauti kubwa. Kilio changu kilipata mioyo mingi kuliko andiko lolote la mwaka huu.

Niliamka shuka limelowa jasho. Nje mvua ilikuwa imekatika, majogoo wanawika, na jikoni mke wangu, Mama Heri, alikuwa anakoroga uji. Nikajiambia ndoto ni ndoto. Sikudhani yuko kwake saa hizi, anafagia uwanja, anamgombeza kuku. Nikabaki nimelala natazama dari, nikifurahia dari.

Mama Heri akaingia na bakuli, akanipa.

"Hivi usiku ulikuwa unaongea na nani?"

"Mimi? Nimelala fofofo."

"Aa, baba Heri, ulipokea simu. Ulikuwa umefumba macho, unaongea kwa sauti ya ofisini. Ukamuuliza mtu swali, ukakata, ukageukia ukutani."

Simu ilikuwa chini ya ubavu wangu, ya moto. Nikaifungua. Sikudhani alikuwa amepiga wakati wa mvua, na simu yake ilikuwa imepokelewa. Nikampigia. Yule mwanamke wa mtandao wa simu akaniambia kwa adabu kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena, akarudia maneno yale yale, hakuchoka wala hakukasirika.

Ndipo nikaona kuna ujumbe mfupi, ulioingia baada tu ya ile simu. Nilimpa Mama Heri bakuli alishike kwanza, kisha nikausoma.

"Kaka umeniuliza nani kasema. Ni mimi. Niko juu ya bati na mama."