Nyasi Chini ya Kipimo

...nyuzi ishirini na nne, namwambia Mutalemwa kwenye simu, na yeye kule ofisini Kayanga anabonyeza kompyuta, kisha anasema setilaiti imepita saa nne na nusu hii hii, imesoma Ihembe thelathini na nane, hebu angalia tena, Mama Joanitha, naangalia tena, nimepiga goti juu ya nyasi nilizotandaza mwenyewe... Mungu wangu, nyasi... siku ya kusimika kipimo hiki cha joto la udongo Mutalemwa alisema udongo uachwe mtupu, kama mashamba yalivyo, nikaitikia, alipoondoka tu mama mkwe akasimama hapa akasema kibanja cha mwanangu hakiachwi uchi, watu watasema kaoa mvivu, nikaleta mzigo wa nyasi, nikatandaza, pakapendeza, na misimu miwili sasa nasoma ubaridi wa nyasi zangu na kuutuma kama joto la Ihembe yote, "Unanisikia, mama?" nakusikia, ni wewe uliyesema mkutanoni kwamba namba za setilaiti zinarekebishwa kwa za ardhini, kwa sababu za ardhini zina mtu anayeziona kwa macho, mtu huyo mimi, nilijisikia siku ile, nikavaa kitenge kipya, ramani ikatoka Ihembe ni kijani, miche ya kahawa inayovumilia jua na matangi ya maji vikaenda Bweranyange, sisi hatuna shida, kwetu baridi... ng'ambo ya ua jembe la jirani yangu Benadeta linagonga, anang'oa mibuni yake iliyokauka, yote, asubuhi nilimpa shikamoo akanipa kuni za mibuni hiyo hiyo, pikia, mwanangu, zinawaka vizuri, akauliza, hicho chombo chako hakijawaambia kwamba tunaungua, nikacheka, nilicheka kweli, nikamwambia setilaiti iko mbali mno, bibi, haituoni... ilikuwa inatuona, kila siku ilituona, mimi ndiye niliyeikanusha, "Kuna kitu chochote kimefunika udongo hapo?" nikisema hakuna watarekebisha tena kwa namba zangu, na mwakani tena, nikisema kipo mibuni haitarudi na sitakuwa na uso wa kumwangalia Benadeta, naingiza vidole chini ya nyasi, pamepoa, pana unyevu, nagusa njia pembeni, panachoma, hatua moja tu, ningegusa siku moja tu... "Mama Joanitha?" jembe limenyamaza, Benadeta anapumzika, atasikia nitakachojibu, na nitajibu kwa sauti ya kumfikia, najua sasa, kipimo bado kinasoma ishirini na nne.