Tarehe ya Brita-Stina

Jumanne saa nne asubuhi, Gunnel alisukuma kando sahani ya mkate na jibini, akavaa miwani na kufungua vitabu vya kanisa kwenye kompyuta. Alikuwa na miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu, na hakuwa na muda wa kupoteza. Mama yake, Rut, alikuwa na tisini na mmoja na mapafu yake yalikuwa yanajaa maji. Rut alitaka jambo moja tu: jina la bibi yake, Brita-Stina, lichongwe kwenye jiwe la kaburi la ukoo kabla yeye mwenyewe hajazikwa pale. Ofisi ya makaburi ilitaka tarehe ya kifo, tena iliyoandikwa kitabuni.

Vitabu vile vilikuwa na kila mtu. Zamani, kila vuli, kasisi alikwenda kwenye shamba mojawapo, akawakusanya majirani sebuleni, akawahoji dini mmoja mmoja na kuwapa alama za kusoma. Aliyehama au kufa alipigwa mstari. Brita-Stina Olofsdotter, mtumishi, alizaliwa 1866 na alisoma vizuri sana. Mwaka 1892 alizaa binti, baba hakutajwa. Kisha naye alipigwa mstari, bila tarehe ya kifo wala mahali alikohamia.

Gunnel alikwenda kwenye kurasa za mwisho, ambako makasisi waliorodhesha watu wasiojulikana walipo. Juu ya ukurasa paliandikwa "Wasiokuwepo". Brita-Stina alikuwa wa nne.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitambaa kichwani, mstari mweusi wa wino umemkata kutoka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia.

"Viatu, bibi," Gunnel alisema. "Nimepiga deki sasa hivi."

Brita-Stina alivua viatu, akaketi. Alikunywa kahawa kwenye kisosi, kipande cha sukari kikiwa katikati ya meno. Wino wake ulichafua kiti. Gunnel alijaribu sabuni, halafu siki. Haukutoka.

"Ulihamia wapi?"

"Sikuhama. Nilikuwa kwenye kibanda, ng'ambo ya kinamasi. Moshi wangu walikuwa wanauona."

"Sasa mbona hukwenda kuhojiwa?"

"Nani aliniambia siku? Habari ilipita nyumba kwa nyumba, ikaishia kwa mwenye shamba. Mtoto alikuwa wake." Aliongeza sukari. "Kasisi akauliza niko wapi. Watu kumi na tisa wakasema hawajui. Mwaka uliofuata wakasema tena, akanihamishia kule nyuma. Nilipokufa hapakuwa na ukurasa wa kuniandika. Wakanifukia nje ya ukuta wa kaskazini wa makaburi, wakarudi kula."

"Nani huyo?" Rut aliita kutoka chumbani.

"Bibi yako."

"Aje huku. Mimi siwezi kunyanyuka."

Brita-Stina, aliyekufa na miaka thelathini na mbili, aliketi ukingoni mwa kitanda cha mjukuu wake.

"Umezeeka vibaya, mjukuu wangu."

"Na wewe umekonda. Huko hawapiki?"

"Wanapika. Hawaniandalii."

Rut alicheka mpaka akakohoa. Kisha alimshika mkono na kusema kwamba hataki kulala kaburini peke yake. Brita-Stina alimwambia kwamba kulala peke yake kunazoeleka, ila kunachukua muda.

Alhamisi, Gunnel na Brita-Stina walikwenda ofisi ya makaburi. Walichukua namba, wakangoja. Karani aliitwa Håkan. Aliuangalia ule wino, akatandika gazeti kwenye kiti kabla ya kumkaribisha mgeni.

"Ulifariki lini, dada?"

"Tarehe kumi na moja Machi, 1899. Jumamosi, kabla ya kukamua."

"Alikuwepo nani?"

"Mbuzi wawili na binti yangu. Alikuwa na miaka sita."

Håkan alivua miwani. "Mimi nakuamini. Lakini maneno ya mhusika hayahesabiki. Nahitaji kitabu."

"Kitabu kimeandikwa kwa uongo wa watu," Gunnel alisema.

"Najua, mama. Babu wa babu yangu ni mmoja wa wale kumi na tisa."

Alichapa cheti na kukigonga muhuri. Kilisema kwamba hakuna kifo cha Brita-Stina Olofsdotter kilichoonekana.

"Kwa hiyo yu hai?"

"Hapana," Håkan alisema kwa upole. "Mtu hai ana namba ya uraia."

Rut alifariki wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, theluji ya kwanza ikianguka. Brita-Stina alimwosha na kumsuka nywele. Jina la Rut lilichongwa peke yake. Gunnel alikuwa ameomba nafasi iachwe juu yake, na fundi aliiacha kwa siku mbili, mpaka ofisi ilipomwagiza azikwangue herufi na kuzichonga upya juu zaidi, nafasi isibaki.

Baada ya mazishi walikula ukumbini, keki ya mkate yenye kamba wa baharini na mayai. Mezani walikuwa kumi na wawili, pamoja na Brita-Stina. Mhudumu wa kanisa alimjia Gunnel na fomu.

"Pole sana, mama. Waliohudhuria ni wangapi? Nahitaji jina na namba ya uraia ya kila mmoja. Pasipo namba wanairudisha fomu yote, na marehemu haingizwi kitabuni."

"Haingizwi kabisa?"

"Mpaka itimie. Mwaka jana kuna mzee alikaa miezi mitano hajaandikwa popote."

Gunnel alitazama meza, kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Wa mwisho upande wa kulia alikuwa anapangusa makombo na kuyakusanya kiganjani.

"Kumi na mmoja," alisema.

Mhudumu alipapasa mifuko yake akitafuta kalamu. Ilikuwa imebingirika chini ya meza. Brita-Stina aliinama, akaiokota, akampa.