Mwenye Tangi Lililoanguka

Alain alikuwa ameshainama na msumeno wa chuma mkononi, na Léontine alijua kwamba asipopata neno la kumzuia mdogo wake hapo hapo, atamzika.

Tangi lilikuwa limelala katikati ya muhogo wake, la mviringo, limeungua kwa nje, kubwa kuliko pipa. Lilikuwa limeanguka juzi, mchana kweupe. Kwanza lilibomoa jiko la Rachida, jirani yake, na kumvunja mguu mama wa Rachida, kisha likadunda hadi shambani kwa Léontine. Kijiji kizima cha Lusangi kililiona likitoka juu angani.

Kazi ya Alain ni kuyeyusha vyuma chakavu na kuvimimina kwenye kalibu viwe sufuria. Mtu wa kazi hiyo akiona chuma chepesi namna ile, mate yanamtoka. Na desturi ilikuwa upande wake: mnyama aliyepigwa na mwindaji akifia kwenye shamba la mtu, anapasuliwa katikati. Upande uliolala chini ni wa mwenye shamba, wa juu ni wa mwindaji. Kapita Bulaimu, mkuu wa kijiji, alikuwa ameshachora mstari wa mkaa katikati ya tangi, kama kwa mnyama huyo, na Léontine akishapewa upande wake, nani angeuyeyusha kama si Alain? Haki kabisa, na kifo kabisa.

Maana Sonia, binti wa shangazi yao, mwalimu katika mji wa Kasongo, alikuwa ametumiwa picha ya tangi akapiga simu mbio. "Musiiguse! Ndani munaweza kuwa mafuta ya roketi. Ni sumu, tena inalipuka." Alain alicheka tu. Sonia, alisema, anataka kula peke yake.

"Kapita, ngoja," Léontine akasema. "Mwindaji hajafika. Tangu lini tunapasua nyama na mwindaji hayuko?"

Bulaimu akajikuna kidevu. "Muite basi. Tuko tunasikia."

Léontine akampigia Sonia, ambaye alikuwa akimtafuta aliyelirusha tangi, akaiweka simu kwenye kipaza sauti ili wote wasikie.

"Nimeuliza," Sonia akasema. "Inchi zote za dunia zilipatana: kitu chenye kurushwa angani, hata kianguke wapi, kingali cha mwenye kukirusha. Na kile kimevunja, inchi ya mwenye kukirusha ndiyo inajibu, ndiyo inalipa. Lakini kampuni yenye kuirusha inasema ilikwisha kuiuza. Yenye kununua inasema haikupokea. Serikali yao nayo inasema bado inatafuta."

Watu wakacheka kicheko kibaya. Anga ni ya wote, wanatuambia, na huko juu kila mmoja anajitengea pake. Kitu chao kikishaanguka, hakuna anayekijua.

"Basi mwindaji hakuna," Bulaimu akasema. "Alain, kata."

Msumeno ukalia juu ya chuma. Unga mweupe wa chuma ukaanza kudondoka. Léontine akaruka, akaushika msumeno kwa kiganja, kwenye meno yake.

"Yaya, acha!" Alain akamfokea dada yake.

"Kapita! Nyama yenye haina mwindaji iko ya nani?"

Bulaimu aliitazama damu ikimchuruzika Léontine mkononi. "Ya mwenye shamba," akasema polepole. "Yote."

"Basi yote iko yangu, juu na chini. Na mimi nakataza. Mutu asiikate, mutu asiisogelee."

Alain akautupa msumeno majanini na kutukana. Alikuwa na hasira ya kweli, lakini alikuwa mzima, na Léontine hakuomba zaidi ya hilo.

Bulaimu akawaamuru watu warudi nyuma, wakaanza kutawanyika wakinung'unika. Rachida peke yake hakuondoka. Tangu juzi alikuwa akiuliza kila mtu nani atajibu kwa ajili ya mguu wa mama yake, na kila mtu alikuwa akinyoosha kidole juu. Sasa akaja hadi mbele ya Léontine.

"Umesema iko yako? Yote?"

Léontine angeweza kusema hapana. Alain alikuwa bado amesimama pale, anasikiliza, na msumeno haukuwa mbali.

"Iko yangu."

"Basi muguu ya mama, wewe ndiye utajibu."

Léontine alikizungushia kiganja ncha ya kitenge, akakaza kwa meno.

"Ni mimi," akasema. "Twende kwake."