Nguzo Kumi na Mbili

Saa saba mchana, ardhi ya Namatala ikichoma kama kikaango, Taban alitembea peku ukingoni mwa barabara, macho ameyafumba, akimfuata Fuko.

Fuko alikuwa chuma kirefu kama mguu wa mtu, kichwa chake kimechongoka kama risasi. Upepo wa kompresa ulimsukuma aingie kwenye shimo dogo upande huu na kutokea kwenye shimo dogo upande ule, akigonga tuk-tuk-tuk chini ya ardhi njia nzima, kisha kebo ya umeme ikavutwa ndani ya tundu lake. Hakuna mtaro. Muuza sambusa hahami, gari halisimami, nyasi zenyewe hazijui kilichopita.

Kulikuwa na chombo cha kumsikiliza Fuko kutoka juu. Kilivuka mpaka wa Malaba pamoja na karatasi zake zote. Karatasi peke yake ndizo zilizofika Mbale. Ndipo Injinia Bogere akagundua kwamba Taban, Mnubi wa Jinja aliyekuwa fundi wa kebo kabla ya vita vya sabini na tisa, alimsikia Fuko kwa nyayo. Basi nyayo zikawa chombo. Alikanyaga, akasikia, akamwaga chokaa kutoka kwenye kopo lenye matundu. Mstari mweupe ulibaki nyuma yake, na nguzo za zege zenye fuvu jekundu zilipandwa kwenye mstari huo, ili watu wajue kebo iko wapi.

"Anapanda!" Taban alipiga kelele. "Injinia, amekuta mwamba! Yuko kimo cha goti!"

"Goti la nani?" Bogere aliuliza chini ya mwavuli. "La twiga?"

Vibarua walicheka. Fuko akaendelea.

Asubuhi iliyofuata lori lilileta nguzo kumi na mbili. Zilishushwa ng'ambo ya barabara, katikati ya vibanda vya waliorudi kutoka Sudani na waliokimbia vita vya Soroti.

"Injinia, dereva amekosea," Taban alisema. "Chokaa yangu iko kule ukingoni."

"Chokaa yako imenyeshewa."

"Jana haikunyesha."

"Basi itanyesha."

Kwenye kivuli cha lori alisimama Kapteni Gaster, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Nyuma ya vibanda ndipo ilipokuwa mashine yake mpya ya kusaga mahindi, na malori ya mahindi yalihitaji uwanja wa kugeuzia. Sheria ya umeme ilisema hakuna nyumba ndani ya hatua kumi kutoka kwenye nguzo. Kapteni alikuwa mtu wa kuheshimu sheria.

"Wewe muzee. Jina?"

"Taban, afande."

"Wa wapi?"

"Nimezaliwa Jinja, afande. Nalufenya."

"Mimi siulizi umezaliwa wapi. Nauliza wewe ni wa wapi."

Swali hilo Taban alilijua. Mwaka ule wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka na kila Mnubi kuhesabiwa askari wake, aliulizwa na watu wenye mapanga, akalijibu kwa miguu, mpaka Sudani.

"Mnubi, afande."

"Kumbe! Ulikuwa jeshi gani?"

"Sikuwa jeshini. Nilikuwa fundi."

"Nyote mafundi. Sijui nani alikuwa anapiga risasi." Kapteni alicheka, akamgeukia Bogere. "Sasa kule kambini, niandike huyu ni nani? Fundi ama askari?"

Bogere alitazama viatu vyake. Taban akachukua sururu, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

"Umeona?" Kapteni alisema kwa furaha kabisa. "Uzuri wa kazi hii ni hakuna mtu ameona kebo imepita wapi."

Nguzo ya saba iliangukia mlangoni kwa Nulu. Nulu alikuwa dada yake Taban. Walirudi pamoja kutoka Sudani na turubai moja, na kwenye mkeka wa kibanda hicho ndipo Taban alipolala. Nulu aliacha kikaango cha kabalagala, vitumbua vyake vya ndizi, kikifuka moshi, akaja akijifuta mikono.

"Kaka, chai yangu ingali tumboni mwako."

Taban alizidi kuchimba.

Watu walikusanyika. Nambozo, jirani yao, alikuwa ameshika jembe vibaya, kama mtu anayetafuta kichwa cha kulishushia.

"Tulieni," Nulu aliwaambia. "Mwenye miguu si huyu? Ndugu yangu hata kwenye karata hawezi kudanganya, jasho linamtoka. Tumuulize yeye." Akamgeukia. "Taban. Wallahi. Kebo iko hapa chini?"

Jasho lilikuwa likimtoka, lakini jua lilikuwa kali, na nani hatoki jasho? Kapteni alitupa njiti, akatoa nyingine.

"Iko," Taban alisema.

Ingetosha hapo. Lakini Nulu alikuwa bado anamtazama, kwa hiyo akaongeza:

"Iko kabisa."

Jioni ile vibanda vilibomolewa. Askari hawakumpiga mtu. Walisaidia hata kubeba milango, na Nambozo aliwashukuru, maana alizoea wasiosaidia. Usiku ikanyesha, chokaa ikaenda na maji. Taban hakuiona ikienda: alikuwa juu ya lori la Bogere, amepelekwa Jinja kuchukua kebo nyingine, na huko alikaa siku tatu.

Aliporudi Mbale alianza kuisikia mashine ya kusaga kabla ya kuiona. Ilinguruma vizuri. Umeme ulikuwa umewashwa kwenye kebo.

Kisha akawaona watu wa vibanda. Ukingo wa barabara haukuwa na nguzo hata moja, basi Kapteni alikuwa amewaonyesha mahali hapo, akawatakia heri. Miti ya vibanda vipya ilikuwa imelazwa chini. Nulu, amefunga leso kiunoni, alikuwa akichimba shimo la mti wa kwanza kwa mtaimbo.

Taban aliruka kutoka kwenye lori.

"Nulu! Uweke chini! Kebo iko hapo, tena iko juu juu!"

Nulu hakugeuka. "Sauti hiyo ni ya kaka yangu. Lakini kaka yangu alisema kebo iko kule."

"Nilidanganya!"

"Lini? Siku ile ama leo?"

Watu wakacheka. Nambozo alisema, "Kesho tukihamia mtoni, itakuwa mtoni. Kebo hii inapenda maskini."

"Kapteni anataka na hapa?" Nulu aliuliza, na sasa aligeuka. "Sema tu. Anataka kuegesha nini?"

Maneno yote aliyokuwa nayo Taban aliyatumia siku ile. Akajilaza juu ya shimo, kifua chini, akakumbatia udongo. Wanaume wawili walimnyanyua kwa makwapa na kumburuta hadi kando ya barabara.

"Msimuumize," Nulu alisema. "Ni ndugu bado."

Wakamshikilia. Ng'ambo, Kapteni Gaster alikuwa amesimama mlangoni mwa mashine yake, mweupe kwa unga.

"Afande!" Taban alilia. "Zima! Zima umeme, afande!"

Kapteni aliweka kiganja sikioni. Akatikisa kichwa kwamba hasikii, akaonyesha mashine nyuma yake kwa kidole gumba, kisha akampungia mkono kwa uchangamfu.

Nulu alitemea mate viganja vyake, akaushika mtaimbo kwa mikono miwili, akauinua.