Sugua Mpaka Yaingie

Kerryn Tulloch alitamani kuirusha ukutani ile chupa ya mafuta. Kesho alikuwa aruke kutoka Hobart kwenda Melbourne, awaambie watafiti wenzake kwamba mafuta yenye dawa ya bangi isiyolevya yanaongeza damu ngozini mwa watu wazima wenye afya. Bila jibu hilo, mkataba wake wa kazi ulikuwa unaishia hapo. Muda wote wa vipimo alikaa nje ya chumba, kama utaratibu unavyotaka, asije akayapendelea majibu. Leo aliingia kupiga picha tu, ndipo akaona.

Fergus, msaidizi wake aliyewahi kuwachua wanamichezo, alimpaka mwanamke aliyejitolea kupimwa, mkono wa kushoto, mafuta matupu yasiyo na dawa. Yakaingia ngozini mara moja, akaacha kusugua. Mafuta ya dawa, mkono wa kulia, yalikuwa mazito, yakagoma kuingia. Akasugua, akasugua, mpaka ngozi ikaiva. Akaweka kifaa cha mwanga kinachopima damu, namba zikapanda. Zisingepandaje? Hata ukimsugua mtu kwa mate, damu itakuja.

Mwanamke alipoondoka, Kerryn alifunga mlango kwa kishindo.

"Wote umewapaka hivi?"

"Wote, bosi. Mkono wa pili unanichosha mpaka kiwiko."

"Na wewe mchuaji mzima hujui kwamba kusugua kunavuta damu? Umenimaliza, bwana wewe."

"Najua sana. Siku ya kwanza nilitaka kuacha yakiwa bado yanang'aa juu. Nikatoka nje nikakuuliza. Ukasema, sugua mpaka yaingie, usinipotezee muda. Nikasugua."

Kerryn alifungua kinywa amtukane, akakumbuka. Kweli alikuwa amesema hivyo, huku anakunywa kahawa yake, hata bila kugeuka. Hasira ikakosa pa kwenda, ikamgeukia mwenyewe, na huko ndiko ilikochoma zaidi.

"Nani atajua?" Fergus akasema polepole. "Wewe nenda tu."

"Mtu mwenye vidole vinavyokufa ganzi kila baridi ikija atayanunua, Fergus. Halafu?"

Kerryn akapiga simu Melbourne, akaomba jina lake liondolewe kwenye orodha ya wasemaji. Vipimo vina kosa, akasema.

"Pole sana," mtu wa upande wa pili akasema. "Kosa la nani?"

Akamtazama Fergus, na jina lile lilikuwa limeshafika ulimini.

"Langu," akasema, kwa ukali ambao yule maskini wa kwenye simu hakustahili.