Fomu ya Daktari Vismara

Katika kliniki yetu hapa Milano, miezi sita baada ya mionzi, kila mwanamke hupewa fomu aseme titi lililopasuliwa linaonekanaje: zuri sana, zuri, wastani, baya. Mimi, muuguzi Fiorenza, ndiye ninayezigawa. Wote hutia alama penye "zuri sana". Mtu amekutoa saratani, utamwambiaje kazi yake mbovu? Hata lililobonyea, chuchu ikitazama sakafu, utasikia "Zuri sana, ubarikiwe, Daktari". Naye Daktari Vismara huzihesabu na kutundika jumla ukutani.

Mpaka alipokuja Ersilia, fundi wa sidiria kwa miaka arobaini. Alitia alama penye "baya".

"Mama, si uko hai?" Daktari alishangaa.

"Niko hai, ahsante. Nawe ukishonewa koti likavuta bega, fundi akakwambia 'si umevaa?', utamlipa?"

"Kovu limepona vizuri."

"Limepona, na chuchu limeivuta chini. Ulinichora mistari ya kukata nikiwa nimelala. Ukilala, titi linakimbilia kwapani! Mimi mteja namsimamisha ndipo nashika chaki. Wewe ulikuwa unampima nani, maiti?"

Nilicheka, nikajitia kukohoa. Alipotoka, Daktari aliandika pembeni mwa fomu: "Mgonjwa ana msongo wa mawazo."

Kicheko kiliniishia hapo. Miaka saba nyuma, kabla sijaajiriwa hapa, nami nilipasuliwa na Vismara. Hanikumbuki, wagonjwa wake ni wengi. Fomu yangu niliijaza "zuri sana", na tangu siku hiyo sijavua blauzi mbele ya mume wangu taa ikiwaka. Nilijiona mwongo.

Alhamisi iliyofuata alikuja Noemi, mwalimu wa miaka thelathini na minne, apasuliwe kesho yake. Alikwisha kulazwa kitandani, Daktari ameshika kalamu.

"Daktari, asimame kwanza," nilisema.

"Hata wewe, Fiorenza? Kwa nini?"

Nilifungua vifungo vya blauzi yangu. Daktari alivaa miwani, akainama, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

"Kazi ya ovyo kabisa. Nani alikufanyia hivi?"

"Wewe."

Noemi hakungoja kuambiwa. Alishuka kitandani, akasimama wima.